Na Hawa Wengine, Mchungaji?

Tafakari ya wiki
Masomo: Isaya 51:1–2, Luka 10:17–20, Yohana 1:43–46



Mwezi uliopita mzee mmoja wa kanisa letu, aliyestaafu kazi ya reli zamani, aliniita kwake akanikabidhi kitabu. Jalada lilikuwa limeng'oka na kurasa zimepata rangi ya strungi. "Macho yangu hayasomi tena, Mchungaji," akaniambia. "Chukua wewe."

Ndani ya kitabu hicho mna picha moja ambayo nimekuwa nikiitazama kila alfajiri, kabla mawingu hayajaufunika mlima. Ni picha ya karne ya 19, ya wino mweusi mtupu. Inaonyesha nyumba ya mawe kando ya njia, katika kijiji cha Wylam, karibu na mto Tyne, kaskazini mwa Uingereza. Maandishi yaliyo chini yake yanasema kwamba hapo ndipo alipozaliwa George Stephenson, fundi ambaye wengi humwita baba wa reli.

Sisi wa Nanyuki tuna sababu ya kumjua mtu huyu. Mji wetu ndio mwisho wa reli. Garimoshi likitoka Nairobi hupita Thika, Murang'a, Sagana, Karatina, Kiganjo na Naro Moru, kisha hufika hapa na kusimama, kwa kuwa mbele yetu hakuna chuma tena, ni nyasi za Laikipia. Reli hiyo ilitufikia karibu na mwaka 1930. Baadaye ililala miaka mingi, majani yakaota katikati ya mataruma, mbuzi wakalisha hapo kana kwamba ni shamba la baba yao. Ilipofufuliwa mwaka 2020 na honi ikasikika tena, walikuwapo vijana wakubwa wa mji huu ambao hawakuwa wamewahi kuisikia maishani mwao.

Tusifiche kwamba reli hiyo haikuletwa kwa ajili yetu. Ilifuata mashamba ya walowezi, baada ya Wamaasai kuhamishwa kutoka Laikipia mwaka 1911 hadi 1913 kwa mkataba ambao wengi wao hawakuutaka. Mtambo ni mtambo. Dhambi iko kwa anayeamua umbebee nani na umpite nani. Lakini wiki hii sitahubiri juu ya reli. Nataka tutazame nyumba.

Kwanza, picha yenyewe ilivyotengenezwa. Siku zile fundi wa picha za vitabu alichukua kipande cha mti mgumu sana. Hakukichonga ubavuni kama seremala anayetengeneza meza. Alikichonga kwenye kichwa cha gogo, pale pete za mti zinapoonekana, kwa patasi nyembamba. Kila alipoondoa kidogo, hapo pangebaki peupe karatasini. Palipoachwa juu palishika wino pakawa peusi. Kwa hiyo mwanga wote unaouona kwenye picha hiyo, anga juu ya paa na mng'ao ukutani, ni mahali ambapo mti uliondolewa. Isitoshe, fundi alilazimika kuchonga kinyume, kulia kuwe kushoto, ili ikichapwa ije sawasawa.

Nabii Isaya aliwaambia watu waliovunjika moyo uhamishoni wautazame mwamba waliokatwa humo na shimo walilochimbuliwa. Hakuwaelekeza kwenye jumba la mfalme. Aliwaelekeza kwa Abrahamu na Sara, wazee wawili ambao hawakuwa na mtoto, na akawakumbusha kwamba Mungu alipomwita Abrahamu alikuwa mtu mmoja tu. Kwa watu wa Mungu, kutazama tulikotoka ni kuona jinsi tulivyokuwa wadogo pale Mungu alipotukuta.

Basi tuingie ndani ya nyumba ya Wylam, mahali ambapo picha haifiki.

Kwa nje ni nyumba ya ghorofa moja, imara, ya kupendeza hata. Mtu angedhani Stephenson alizaliwa katika familia iliyojiweza. Lakini nyumba hiyo ilikuwa ya familia nne, kila familia na chumba chake. Samuel Smiles, aliyechapisha kitabu cha maisha ya Stephenson mwaka 1857, anaeleza kwamba chumba chao kilikuwa cha chini. Sakafu ilikuwa ya udongo, kuta hazikupigwa lipu, na boriti zilikuwa wazi juu ya vichwa vyao. Baba, Robert, alikuwa mchochea moto wa mtambo wa kuvuta maji mgodini. Mshahara wake ulitosha chakula, haukutosha shule. Mama aliitwa Mabel. Mbele ya mlango ilipita njia ya reli za mbao, farasi wakivuta mabehewa ya makaa kutwa nzima, na kazi mojawapo ya watoto ilikuwa kuwazuia wadogo wao wasikanyagwe.

Yeyote aliyewahi kutembelea vyumba vya kupanga huko mitaani kwetu, Likii au Majengo, anaijua nyumba hiyo. Ni ile ile ploti: mlango mmoja, kitanda kimoja na pazia katikati, jiko la makaa nje, na barabara inayopita karibu mno na mahali watoto wanapocheza.

Mtoto yule wa Wylam, George, alichunga ng'ombe wa mjane mmoja kwa peni mbili kwa siku, akiwaweka mbali na njia ya mabehewa. Sisi tunaopakana na wafugaji tunamjua mtoto wa namna hiyo: fimbo mkononi, macho kwa mifugo, mawazo kwingine. Akiwa machungani alifinyanga mitambo ya udongo na kuitilia mabua matupu kuwa mabomba. Akakua, akaingia kazi ya mgodini kama baba yake. Alifika miaka 18 hajui kusoma jina lake.

Hapo akafanya jambo ambalo wakubwa wengi huliona aibu. Alikwenda kwa mwalimu maskini wa kijiji jirani, aliyeitwa Robin Cowens, usiku mara tatu kwa wiki, kwa peni tatu za wiki. Hapa kwetu tungesema alijiunga na ngumbaru. Alipofika miaka 19 aliweza kuandika jina lake. Alishona viatu na kutengeneza saa za watu ili apate karo ya mwanawe, na mwana aliporudi jioni na vitabu, baba naye alisoma pamoja naye. Tunamkumbuka mzee wetu Kimani Maruge, aliyeingia darasa la kwanza mwaka 2004 akiwa na miaka 84, akaketi na watoto wa kuwa vitukuu vyake. Ujinga hauna aibu. Aibu ni kuficha kwamba hujui hadi ufe nao.

Mengine mnayajua au mtayasoma. Mwaka 1814 aliunda garimoshi lake la kwanza huko Killingworth. Tarehe 27 Septemba 1825 alifungua njia ya Stockton na Darlington. Mwaka 1829 Rocket, lililoundwa katika kiwanda alichokisimamia mwanawe Robert, likashinda mashindano ya Rainhill. Upana wa reli alioutoa kwenye njia za mabehewa ya makaa ndio uliozaa huu wa milimita 1,435 wa reli ya SGR iliyoanza kubeba abiria kutoka Mombasa hadi Nairobi mwaka 2017. Yetu ya Nanyuki ni nyembamba zaidi, mita moja kamili. Wala hakubuni peke yake, kwa maana Richard Trevithick alikuwa amemtangulia mwaka 1804. Hata njia ile iliyopita mbele ya mlango wao ilikuja kubeba garimoshi la William Hedley kabla Stephenson hajajulikana. Lakini yeye ndiye aliyeufanya usafiri huo kuwa kitu cha kutegemewa, na alipofariki tarehe 12 Agosti 1848 jina lake lilikuwa limevuka bahari.

Ndipo nyumba ikachorwa.

Hapo ndipo moyo wangu ulipokwama, wapendwa. Chumba cha sakafu ya udongo kilikuwapo tangu mwaka 1781, kina moshi, kina kilio cha mtoto, kina mama anayegawa mkate. Hakuna mtu aliyesimama barabarani akasema, hebu tuichore nyumba hii. Walisubiri mtoto awe mtu mkubwa, kisha wakaja na patasi. Na walipokuja, walimchorea mmoja. Je, vile vyumba vingine vitatu? Vilikuwa na watoto pia. Vimo ndani ya picha, tunayaona madirisha yao, lakini maandishi ya chini hayawataji.

Ningeishia hapo kwa kuwalaumu Waingereza wa zamani kama si jambo lililonipata mimi mwenyewe.

Januari iliyopita nilikwenda kumtembelea shosho mmoja wa kanisa letu anayelea wajukuu watano katika chumba kimoja. Mkubwa wao, msichana, alikuwa amefanya vizuri sana katika mtihani, na kanisa lilitaka kumsaidia karo. Nikabisha. "Pita, Mchungaji," akasema shosho, "ukae hapa kitandani. Utusamehe, nyumba ndiyo hii." Nikaketi, tukaomba, nikatoa daftari nikaandika jina la msichana, shule aliyoitwa, na alama zake. Nikamwomba asimame karibu na mlango, penye mwanga, nikampiga picha kwa simu ili tuionyeshe Jumapili. Mvulana mmoja alikuwa chini sakafuni akifunga gurudumu la gari la waya, gurudumu lililokatwa kutoka slipa kuukuu. Nikamwomba asogee kidogo, maana alikuwa anaingia kwenye picha.

Nilipofunga daftari, shosho alinitazama, akauliza kwa upole kabisa, "Na hawa wengine, Mchungaji? Huwaandiki?"

Nilijibu jambo fulani la haraka kuhusu mfuko wa kanisa na uchache wa fedha. Lilikuwa kweli. Lakini njiani nikirudi, swali lile lilinifuata kama mbwa aliyemwona mgeni. Mimi nami nilikuwa nimekwenda na patasi yangu kuchora chumba kile kwa sababu ya mmoja aliyeng'aa, na nikamwondoa mwingine asiniharibie picha.

Sasa nirudi kwenye kitabu cha mzee, kwa kuwa humo nilipata jibu ambalo sikulitarajia. Humo Smiles anasema kwamba familia ya Stephenson ilikuwa na Biblia, na ndani yake kulikuwa na orodha ya watoto wa Robert na Mabel. Wameandikwa wote sita kwa zamu walivyozaliwa, kila mmoja na tarehe yake: James, George, Eleanor, Robert, John, Ann. Tahajia imekosewakosewa. Aliyeandika hakuwa msomi. George, ambaye dunia nzima ingekuja kumtafuta, ni wa pili kwenye orodha, tarehe 9 Juni 1781. Hakuna neno la ziada kwenye jina lake.

Hebu tuziweke mbili hizo pamoja mezani: picha ya nyumba, na ukurasa wa Biblia. Picha ilitengenezwa na fundi hodari, kwa mtu mmoja, baada ya sifa. Ukurasa uliandikwa kwa mkono mzito, kwa watoto wote, bila kutaja lolote la kusifiwa. Ukiniuliza ni upi unaofanana na moyo wa Mungu, sihitaji kufikiri mara mbili.

Wale sabini waliporudi kwa Yesu walikuwa na furaha, kwa sababu hata pepo waliwatii. Yalikuwa mafanikio ya kweli, na Yesu hakuyakana. Lakini aliwaambia furaha yao isikae hapo. Ikae katika jambo kwamba majina yao yameandikwa mbinguni. Kazi iliyofaulu hupita. Garimoshi la mwaka 1829 sasa liko makumbushoni. Jina lililoandikwa na Mungu halisubiri matokeo ya mtihani.

Na msidhani kwamba wengine katika orodha ile walikuwa wa kujaza ukurasa tu. Mke wa George alifariki mwaka 1806 akamwacha na mtoto mdogo, Robert. Aliyekuja baadaye kukaa katika nyumba ya George, akapika, akafua, akamlea mtoto kama mama, ni Eleanor, dada yake, wa tatu kwenye orodha. Mtoto huyo ndiye Robert wa Rocket. Ondoa jina la Eleanor katika ukurasa ule uone reli itafika wapi. Ondoa na mwalimu Robin Cowens wa peni tatu. Kitabu changu hakina picha ya mahali alipozaliwa Eleanor, ingawa ni nyumba ile ile. Hakina picha ya nyumba ya mwalimu.

Nathanaeli naye alikosea kama mimi. Filipo alipomwambia wamempata yule aliyetajwa na manabii, naye anatoka Nazareti, Nathanaeli alishangaa kama kuna kitu cha maana kinachoweza kutoka huko. Hakuwa mtu mbaya. Yesu mwenyewe alimsifu kuwa hana hila. Alikuwa tu na tabia yetu ya kupima mtu kwa mtaa. Filipo hakubishana naye. Alimwita aje aone kwa macho yake. Nathanaeli alipofika alikuta kwamba alikuwa ameshaonwa yeye kwanza, chini ya mtini, mahali ambapo hapakuwa na mtu wa kumchora.

Hata habari ya mahali maarufu kuliko pote alipozaliwa mtu, yaani Bethlehemu, haikuwaacha wengine nje. Mathayo angeweza kuishia kwenye nyota na mamajusi, tukabaki na picha nzuri ya kuweka kwenye kadi za Krismasi. Lakini akaandika pia juu ya watoto wengine wa mji ule waliouawa na Herode, na kilio cha mama anayekataa kufarijiwa. Mwokozi alizaliwa huko, na vyumba vya jirani havikufutwa.

Kwa hiyo, ndugu zangu, sitawaambia leo kwamba kila mtoto wa ploti atakuwa Stephenson. Mahubiri ya namna hiyo tumeyasikia mengi, na yana sumu ndani yake. Yanamwambia mama ampende mtoto kwa kile atakachokuja kuwa. Yanamwambia kijana aliyefeli kwamba Mungu alimpita akaenda chumba kinachofuata. Mtoto mwenye gari la waya huenda akawa mhandisi, huenda akawa fundi wa bodaboda pale stendi, huenda akawa mtu wa kubeba magunia sokoni, mwaminifu na mcha Mungu. Katika hali zote tatu jina lake lina herufi zile zile.

Lakini pia sitawaambia mkae tu na majina. Mtu akiandikwa, huulizwa habari zake. Ukiwa na orodha ya watoto wote wa nyumba, utajua ni nani hajaenda shule tangu muhula uanze, ni nani ana kikohozi kisichoisha, ni nani alitoroka kwenda Nairobi na hakuna anayemtaja tena mezani. Mabel na Robert hawakuweza kumlipia George shule. Lakini jina lake liliandikwa. Alipofika miaka kumi na minane akapatikana mtu wa kumfundisha kusoma kwa peni tatu. Miongoni mwetu wamo walimu waliostaafu, mafundi, wauguzi, madereva. Peni zenu tatu ziko wapi?

Mimi nilirudi kwa shosho Jumamosi iliyopita. Sikwenda na simu. Nilikaa kitandani pale pale, nikatoa kalamu, naye akanitajia wote watano, na siku alizokumbuka na zile alizokisia kwa msimu wa mvua. Mvulana wa gari la waya yuko darasa la tatu, na hasomi vizuri kwa kuwa haoni ubao. Hilo nisingelijua ningebaki na picha yangu ya Januari. Mmoja wa akina mama wa kanisa amejitolea kumpeleka kupimwa macho wiki hii.

Jumapili ijayo kutakuwa na daftari mlangoni, karibu na kapu la sadaka. Kabla ya kuingia, kila nyumba iandike majina ya watoto wake wote: aliyefaulu na aliyerudia darasa, anayeimba kwaya na asiyekanyaga kanisani, aliye chuoni na aliye gerezani, wa kuzaa na wa kulea. Asiyejua kuandika aje mapema, tutamwandikia, na akitaka tutaanza naye masomo ya jioni. Msiwapange kwa alama. Wapangeni walivyozaliwa.

Bwana awabariki, na awalinde wote wa nyumbani kwenu. Amina.